Jina Lako Liwe Kwenye Kona ya Ramani

(Mimi ni msanifu majengo, mchora ramani za nyumba. Haya niliyaongea Tororo, mashariki mwa Uganda, mbele ya wasichana wa S.5 na S.6, yaani kidato cha tano na cha sita, walimu wao, wazazi na mafundi wachache. Nimeyaandika karibu jinsi yalivyotoka mdomoni, sikutaka kuyapiga pasi.)

Walimu wangu, wazazi mliokuja, mafundi wangu mliokaa huko nyuma karibu na mlango, na nyinyi mabinti ambao ndio mmenileta hapa, hamjambo. Nitaongea Kiswahili maana humu ndani kuna Jopadhola, kuna Iteso, kuna Wasamia, kuna waliovuka mpaka wa Malaba kutoka Kenya asubuhi hii hii, na Kiswahili ndicho tunachokishika sote, halafu ndicho nilichojifunzia kazi saiti, hata nikijaribu kuielezea kazi yangu kwa lugha nyingine naona kama nachechemea.

Nyinyi mmekulia hapa. Kiwanda cha simenti kiko Tororo tangu miaka ya 1950, malori yanapita usiku na mchana, vumbi liko kwenye majani ya maembe, yaani binti wa hapa anaijua simenti kabla hajajua kusoma. Halafu akifika S.4 anaanza kuambiwa eti ujenzi ni mambo ya wavulana. Nataka tuanzie hapo, manake hayo maneno mimi nimeyasikia sana na si kweli hata kidogo.

Nendeni Karamoja muone nani anajenga nyumba. Ni mama. Anakata fito, anasimika, anafunga, anakandika udongo, anaezeka nyasi, na ule mlango mfupi ambao mtu mzima anaingia kwa kuinama ni yeye aliyeupima. Wamasai wa Kenya na Tanzania hivyo hivyo, nyumba ni kazi ya mwanamke tangu mti wa kwanza mpaka samadi ya ng'ombe ya mwisho. Na mkifika Kampala, pale Kireka, sehemu wanayoita Acholi Quarters, mtawakuta akina mama waliokimbia vita ya kaskazini wameketi juani na nyundo wanavunja mawe kuwa kokoto, debe kwa debe, na zile kokoto ndizo zinaenda kuwa zege la maghorofa ya mji. Kwa hiyo mwanamke yuko kwenye ujenzi siku nyingi, yuko chini kabisa, kwenye kokoto na kwenye maji na kwenye sufuria ya chakula cha mafundi. Mahali ambapo hayupo, au yupo mmoja mmoja tu, ni hapa.

(Hapo nilifungua mchoro niliokuja nao, wasichana wawili wa mbele wakanisaidia kuushika.)

Angalieni hii karatasi, msiangalie nyumba kwanza, angalieni kona ya chini mkono wa kulia. Kuna kisanduku. Kinaandikwa jina la mradi, ploti iko wapi, tarehe, vipimo, halafu kuna vimistari viwili vidogo, kimoja kinasema imechorwa na, kingine kinasema imekaguliwa na, halafu pembeni panagongwa muhuri wa msanifu majengo aliyesajiliwa. Mchoro bila ule muhuri ukiupeleka kuomba kibali cha kujenga hauendi popote. Mimi miaka minne ya kwanza kazini herufi za jina langu zilikuwa kwenye imechorwa na, kila siku, mamia ya karatasi. Kwenye imekaguliwa hazikuwahi kukaa hata mara moja. Hiyo ndiyo habari niliyokuja kuwaambia leo, mengine yote yanazunguka hapo.

Ilikuwaje? Nilimaliza chuo nikapata kazi kwenye ofisi moja Kampala, sitaitaja, watu wake walinitendea mema mengi pia. Nilikuwa na mkono mwepesi wa kuchora, na hiyo ikawa kamba ya kunifungia mezani. Kila nikiomba kwenda saiti naambiwa saiti kuna matope, kuna wahuni, we una jicho zuri la rangi, kaa hapa utuchagulie vigae na mapazia. Baada yangu akaja kijana, mtoto mzuri tu mwenye heshima, mwezi wa pili akapewa buti na helmeti akaanza kupelekwa saiti na bosi. Sasa si mnajua, ili usajiliwe na ile bodi ya usajili wa wasanifu, ambayo ipo kwa sheria ya 1996, digrii peke yake haitoshi, lazima ufanye kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa, uonyeshe umesimamia ujenzi wenyewe kuanzia msingi, halafu ndio unakaa mtihani. Yule kijana akawa na cha kuonyesha. Mimi nilikuwa na vigae. Akapata muhuri kabla yangu, na siku moja nikamchorea nyumba akaikagua yeye, akagonga. Nilienda chooni nikalia, nikanawa uso nikarudi mezani.

Nawaambia hivi sio ili mwogope. Nawaambia kwa sababu hakuna aliyeniambia mimi. Kila mtu alikuwa ananihimiza niingie chuoni, ingia binti ingia, hakuna aliyesema ukishaingia mlango wa pili uko wapi.

Basi nilichofanya, Jumamosi nilikuwa napanda boda mwenyewe kwa hela yangu naenda saiti ya nyumba nilizochora, namkuta foremani, mzee mmoja mtu wa huku huku kwetu mashariki, namwomba niruhusiwe kuangalia tu. Siku ya kwanza aliniuliza, nyabo, yaani bibi, injinia anakuja saa ngapi? Nikamwambia mimi ndiye niliyechora hii nyumba. Akanyamaza, akaniangalia, akaangalia paa, akasema basi njoo nikuonyeshe kitu. Nilikuwa nimechora mapaa mawili yanakutana katikati nyuma ya ukuta wa juu, ile fasheni ya sasa ya kuficha mabati ili nyumba ionekane kama boksi. Akachukua kipande cha bati akakikunja kama nilivyochora, akamimina maji ya jagi juu yake. Maji yakashuka, yakafika kwenye mkunjo, yakasimama. Yalisimama pale yanatutazama. Akasema, binti, kwenye karatasi hakunyeshi. Nyie mnajua mvua ya Uganda ya mwezi wa nne inavyopiga, ile maji ingesimama pale nusu saa tu ingepata njia ya kuingia chumbani. Tulikaa na yule mzee mpaka jioni tukarekebisha mteremko na kupanua mfereji, Jumatatu nikabadilisha michoro ofisini, na tangu siku ile sijachora paa bila kujiuliza tone moja la maji litapita wapi toka juu mpaka ardhini.

Huyo mzee amenifundisha zaidi ya mihula mingine ya chuo. Kwa hiyo mafundi mliokaa nyuma huko, nawaomba kitu kimoja, akija binti na tepu na daftari msimwulize injinia yuko wapi, mwonyesheni maji yanaposimama.

Sasa kuna swali ambalo baba mmoja aliniuliza mlangoni wakati naingia, kwamba ramani ni ramani, ina tofauti gani imechorwa na mwanamke au mwanaume. Ni swali zuri na alilisema kwa adabu kwa hiyo nalijibu kwa adabu. Twende jikoni.

Kuna mteja alikuja na mkewe, wanataka nyumba ya vyumba vinne. Mzee anaongea, mama amekaa ukingoni mwa kiti na mkoba magotini. Jiko wanalotaka ni lile la kwenye picha, kabati juu kabati chini, vigae vyeupe, kuka ya gesi imezama kwenye kaunta. Nikamgeukia mama nikamuuliza, mama, atap, ule ugali wetu, unasongea wapi? Akacheka, akamwangalia mumewe, akasema, nje, chini ya paa la gereji. Sasa hebu fikirieni. Sisi hapa tunasonga kwon, ndiyo hiyo hiyo atap, ugali wa wimbi na muhogo, ule mzito, unakaa kwenye kigoda sufuria iko chini kwenye sigiri, unaibana kwa miguu au kwa mti ndio unapata nguvu ya kugeuza mwiko. Uweke ile sufuria juu ya kuka iliyo usawa wa kiuno uone, itaruka. Na matoke ya kuvukishwa kwa majani ya ndizi yanakaa motoni saa nyingi, nani atachoma gesi saa zote hizo? Kwa hiyo Uganda nzima watu wanajenga jiko la mamilioni ndani, halafu mama anapikia nje kwenye mvua akiwa na mwavuli begani. Nimeona hivyo kwenye nyumba kubwa kubwa kabisa.

Nikampa yule mama kalamu. Alisita, halafu akaanza kuchora, hapa sigiri, hapa mahali pa makaa yasilowe, hapa niketi mgongo uwe ukutani, na moshi utokee huku usiende kwa watoto. Alitaka pia dirisha la kuona geti, manake akiwa anapika ndiye anayepokea wageni, ndiye anayejua mtoto ametoka. Tukalijenga jiko la pili nyuma, lina paa, liko wazi pande mbili, kigoda cha simenti kimejengewa pale pale kwa kipimo cha urefu wa miguu yake. Halikula hela nyingi. Mumewe baadaye akaniambia ndiyo sehemu anayokaa jioni. Je, mwanaume asingeweza kuuliza lile swali? Angeweza, na wapo wanaouliza. Ila mimi sikuhitaji kufundishwa kuuliza, nilisonga atap tangu nina miaka tisa.

Na hii habari ya jiko ina historia ambayo inatugusa sisi watu wa Uganda bila kujua. Jengo la Uganda Museum pale Kampala, barabara ya kwenda Kamwokya, lilichorwa na Mjerumani mmoja anaitwa Ernst May, aliishi Afrika Mashariki miaka mingi, akapanga pia sehemu za mji wa Kampala. Kabla ya kuja huku alikuwa mkuu wa ujenzi mji wa Frankfurt, na kwenye timu yake alikuwepo mwanamke wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, mmoja wa wanawake wa kwanza kusomea usanifu kule kwao. Mwaka 1926 yule mwanamke akachora jiko dogo, upana kama mita 2 urefu kama mita 3 na nusu, akahesabu hatua za mpishi toka sinki mpaka meza mpaka jiko, kila kitu akakiweka mkono unapofika. Yakajengwa kama 10,000 kwenye nyumba za wafanyakazi, na makabati tunayoyaona leo kwenye picha za simu yametokana na lile. Kumbe lile jiko jeupe tunalolilia ni la mwanamke aliyekaa akahesabu hatua za wanawake wa mji wake. Hatua za mama wa Tororo bado hazijahesabiwa, na nani atazihesabu kama si nyinyi?

Nirudi kwenye kona ya ramani, maana nyinyi mnaweza kudhani ni shida ya Uganda tu. Denise Scott Brown alizaliwa Zambia mwaka 1931, akakulia Afrika Kusini, akaenda Marekani akawa msanifu mkubwa sana, yeye na mumewe Robert Venturi walifanya kazi pamoja, walifikiri pamoja. Mwaka 1991 tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo tuzo kubwa kuliko zote za kazi yetu, ikapewa mume peke yake. Mwaka 2013 wanafunzi wawili wa kike wa Harvard wakaanzisha maombi kwamba jina la Denise liongezwe, maelfu ya watu wakatia sahihi, kamati ikakataa. Fikiria umechora na mwenzako maisha yako yote halafu kwenye kile kisanduku jina lako halipo. Mwanamke wa kwanza kuipata ile tuzo alikuwa Zaha Hadid, binti wa Baghdad, mwaka 2004, na nyinyi mnaolia na hesabu mjue kwamba digrii yake ya kwanza, kule Beirut, ilikuwa ya hesabu. Miaka mingi michoro yake ilikuwa inasifiwa tu haijengwi, alikuwa ameshapita miaka 40 jengo lake la kwanza la maana liliposimama.

Na kwetu wapo. Hapa Makerere mafunzo ya usanifu yalianza 1989 tu, kabla ya hapo kijana wa Uganda alikuwa anapanda basi kwenda Nairobi, kwa hiyo hii kazi kwetu bado ni changa, umri wake ni kama wa mama zenu. Makerere pale kafundisha Dokta Assumpta Nnaggenda-Musana, ambaye alisoma mpaka udaktari kule Stockholm akichunguza makazi ya watu wa kipato kidogo, si majumba ya matajiri. Jirani hapo Kenya, Emma Miloyo alichaguliwa 2017 kuwa rais wa kwanza mwanamke wa chama chao cha wasanifu. Halafu kuna Doreen Adengo. Nikimtaja huyu sauti yangu inabadilika mnisamehe. Alisoma Washington, akasoma Yale, akafanya kazi London na New York, angeweza kubaki huko akaishi vizuri. Akarudi Kampala akafungua ofisi yake mwenyewe, jina lake mlangoni, akafundisha Nkozi kwenye Uganda Martyrs University, akawa anauliza maswali kuhusu Kampala hii ya kawaida, ya vibanda na tofali la hapa hapa. Alifariki 2022 bado kijana. Kuna wasichana waliopita mikononi mwake ambao leo wana mihuri yao.

Sasa mambo ya vitendo, haraka, maana naona jua linahama. Hesabu usiiache. Fizikia ikusaidie, na kama shule yenu ina sanaa au ule uchoraji wa kiufundi shika, mwalimu akikuambia hakuna msichana darasani humo mwambie basi sasa yupo. Vyuo vya serikali vinamwongezea msichana pointi 1.5 za kuingia chuoni tangu 1990, usione aibu kuzichukua, hizo pointi hazichori kwa niaba yako ule usiku wa kukesha studio unakata maboksi kutengeneza modeli na macho yanawaka. Utahitaji laptopu yenye nguvu na hiyo ni gharama kubwa kwa mzazi, sitaki kuwadanganya, mimi mwaka wa kwanza na wa pili nilichora kwa mkono na kuazima mashine za wenzangu saa sita usiku wakishalala, na kuchora kwa mkono kukanifaa baadaye.

Mkishapata kazi, wiki ya kwanza kabisa, kabla hujajua hata kikombe cha chai kinakaa wapi, uliza: nitaenda saiti lini, na nani atasaini kumbukumbu zangu za kazi? Uliza ukiwa umekaa wima. Mimi sikuuliza nikapoteza miaka minne.

Na saiti kuna mambo ambayo hayasemwi kwenye mikutano kama hii, ila leo niko na dada zangu kwa hiyo nayasema. Choo. Saiti nyingi kuna shimo moja la mabati bila komeo, wanaume 40. Nimewahi kukaa toka saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni bila kunywa maji ili nisihitaji kwenda, na siku za hedhi ndiyo kabisa, nilikuwa nasingizia homa. Mabinti wangapi wamekaa ofisini na vigae kwa sababu ya komeo la shilingi elfu chache? Siku hizi kwenye kila mradi wangu naandika kwenye masharti ya kontrakta, choo cha wanawake, komeo kwa ndani, maji, na hatuanzi kuchimba msingi kabla hakijasimama. Kontrakta mmoja aliniambia lakini hapa hakuna wanawake. Nikamwambia wapika chakula ni akina nani, wabeba maji ni akina nani, na mimi ni nani? Akajenga. Sasa hivi kwenye saiti zangu kuna wasichana watatu saidia fundi na mmoja anapiga plasta safi kuliko mwalimu wake.

Jambo la watoto pia. Sheria ya kazi ya 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi, kwa mshahara kamili, na baba siku 4. Siku nne! Mtoto kitovu hakijadondoka baba yuko saiti, na mama akirudi anakuta mradi wake amepewa mwingine, kwa upole tu, tulikuwa tunakuhurumia. Wazazi na mabosi, hiyo huruma iacheni, mrudishieni mradi wake. Nilirudi na mtoto wa miezi mitatu na mama mkwe wangu, Mungu amweke, akawa anakuja naye saiti saa 6 nanyonyesha ndani ya gari la kontrakta, halafu naendelea. Bila yule mama nisingekuwa na muhuri. Kwa hiyo akina mama mliokuja leo, mkisikia binti yenu au mkaza mwana wenu anasomea hii kazi, jueni na nyinyi mmo kazini.

Muhuri wenyewe huu hapa. (Nikautoa mkobani.) Pitisheni mkono kwa mkono, ugongeni kwenye makaratasi yenu ya mazoezi kama mnataka muone unavyotoka, wino upo, ila mwisho urudi kwangu manake Jumatatu nina kazi nao. Niliupata miaka saba baada ya kumaliza chuo, wengine wanaupata baada ya miwili au mitatu.

Na Jumamosi hii kuna saiti yangu hapa hapa mjini, darasa la shule, tunasimamisha kuta. Mwalimu mkuu ameruhusu. Nina helmeti 12 tu kwa hiyo tutaingia kwa zamu. Saa 3 asubuhi, suruali au sketi isiyokokota, viatu vya kufunika vidole, na kila mmoja aje na penseli na daftari. Mtakuta foremani ameshaambiwa majina yenu.